Nyota Iliyofifia Kidogo

Nyota yenyewe huioni. Nasema mapema usije ukatoka nje ukainua shingo bure. Ni ya namna moja na jua letu, rangi ile ile, ukubwa unaokaribiana, lakini iko mbali mno, jicho la mtu haliifikii. Mimi nimeonyeshwa upande iliko, nikatazama, nikaona kiza. Walioigundua sayari inayoizunguka ni watu wengi wa nchi nyingi, na mmoja wao ni binti yangu, kitindamimba wangu, mzaliwa wa mtaa wa Langoni, hapa Amu, ndiyo Lamu. Hilo nalisema kwa fahari. Yanayofuata siyasemi kwa fahari.

Mimi sikusoma. Chuoni, yaani madrasa, nilihitimu, Kurani naisoma, lakini skuli nilikaa mpaka nilipojua kuandika jina langu na kujumlisha, nikatoka. Nilianza kwa kuswaga punda wa mawe na mchanga, na punda wenyewe wa watu. Leo mashua zinazovusha saruji, boriti na mafundi kwenda Ras Kitau, ng'ambo ya Shela, ni zangu. Nyumba yangu nimeijenga ghorofa kwa ghorofa, kila nilipojaaliwa. Sikurithi hata msumari. Sisemi haya kujisifu tu. Nasema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyesimama siku ile mbele ya kamati ya chuo.

Huyu binti alipokuwa mdogo nilizoea kumchukua Shela baada ya Magharibi, tungojee mashua ya mwisho irudi na mafundi. Ng'ambo ya pili, penye hoteli, pana gati, na kwenye gati pana taa. Mashua yangu ya siku zile haikuwa na taa ya maana. Kiza kikishatanda hutaiona hata ukitumbua macho. Lakini mimi nilijua inapoondoka, kwa sababu ile taa ya gati ilififia kidogo, kisha ikarudi kama ilivyokuwa. Kuna kitu kimepita mbele yake. Nikimwambia, "Hao wanakuja." Yeye hutazama, haoni kitu, huniuliza nimejuaje. Nikimwambia nimeona taa imefifia. Na kweli, baada ya kitambo, mashini husikika.

Sikudhani kwamba nafundisha. Nilikuwa nangojea mafundi wangu.

Akasoma huyu mtoto mpaka chuo kikuu, Nairobi. Mimi nilitaka awe mkunga, tumpate karibu. Yeye akachukua fizikia, na nilipomuuliza fizikia huliwa na nini alicheka akasema huliwa na kila kitu, baba. Baadaye mwalimu wake mmoja akamuunganisha na kundi la ng'ambo linalochungua nyota. Nilidhani watampandisha mlima. Kumbe kazi yenyewe aliifanya mezani, kwa kompyuta. Kuna chombo kimerushwa angani, kinatazama nyota nyingi kwa pamoja bila kupepesa, na kila nyota kinaandika mwanga wake. Yeye alipewa fungu lake la kupitia. Katika fungu hilo akaikuta hii moja, ya jinsi ya jua, mwanga wake unapungua kidogo kisha unarudi. Siku zikapita, ukapungua tena, kwa kiasi kile kile. Tena na tena.

Wenzake wengine walidhani ni hitilafu ya chombo. Yeye akashikilia. Ikaombwa darubini kubwa iitazame kwa njia nyingine, ikakutwa nyota inayumba, kidogo sana, kama mtu anayevutwa kanzu na mtoto. Hapo wakakubali: ni sayari. Kubwa, ya moto, inazunguka karibu mno na nyota yake. Mwaka wa huko haufiki mwezi wetu mmoja.

Aliponipigia simu kunipa habari hiyo sikufahamu hata nusu, lakini nilitoka nikatangaza. Kwa muuza nyama nilitangaza. Barazani nilitangaza. Mashuani nilimtangazia fundi wa rangi aliyekuwa anatapika. Nilisema binti yangu amevumbua dunia. Walipouliza dunia gani, nilisema kubwa kuliko hii.

Basi akarudi nyumbani na jambo. Wale wenzake walikuwa wamempa darubini, ndogo, yaingia katika sanduku la nguo. Alitaka kuwafundisha wasichana wa mtaa wetu, Jumamosi, tangu Alasiri mpaka nyota zitoke. Na alitaka dari ya chuo chetu, yaani ile sakafu ya juu isiyoezekwa, kwa sababu ina nafasi, ina ukuta wa stara, na hapana mzazi atakayekataa kumpeleka bintiye chuoni. Mwalimu wa chuo alifurahi. Ilibaki kamati. Katika kamati mimi si mkubwa kwa elimu, lakini saruji ya kile chuo nani aliyeivusha? Neno langu likikaa, wengine hulikalia. Nililijua hilo siku ile kama ninavyolijua leo.

Kikao kilikuwa baada ya Alasiri. Wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia. Yeye akasimama pembeni ya pazia, karatasi mkononi, na hakuzitazama hata mara moja. Nilidhani ataanza na vitabu. Alianza na mimi. Aliwaambia watu habari ya Shela, ya mchanga tuliokalia, ya taa ya gati na mashua isiyoonekana.

"Baba yangu hakuwa akiiona mashua," alisema. "Akiona taa. Nyota ni ile taa, na sayari ni ile mashua. Sisi tumefanya alivyokuwa akifanya yeye."

Mzazi mwingine angelia machozi ya furaha. Na mimi, wallahi, yalianza kunilenga. Lakini kulikuwa na jambo ambalo, kwa dhana yangu, hapana aliyelijua pale. Jicho langu la kulia lilikuwa limeingia ukungu, mtoto wa jicho, na la kushoto limeanza kulifuata. Nilikuwa nimelificha. Watu hupanda mashua ya mtu kwa kumwamini, na mwenye mashua haendi sokoni kupiga mbiu kwamba haoni.

Kando yangu alikaa bwana mmoja wa majumba ya kale, ambaye babu zake walikuwa na milango ya nakshi wakati wangu walikuwa na majembe. Tumetaniana umri wetu wote. Akaniinamia sikioni: "Kumbe tangu zamani mashua zako huzioni."

Ulikuwa utani. Siku nyingine ningemrudishia lake, na la ziada. Siku ile lilinigusa penye kidonda. Nikadhani amejua. Nikadhani wote wamejua, na kwamba binti yangu ndiye amewafungulia mlango wa kunicheka. Nikasimama.

"Mwanangu," nikasema, "hiyo sayari umeiona kwa mato yako?"

"La, baba."

"Wenzio wameiona?"

"Hapana aliyeiona. Lakini mwanga wa nyota..."

"Ngoja. Mwezi huu wa Mungu, ulio hapa juu ya vichwa vyetu, tukitaka kufungua twamtafuta aliyeuona. Asiyeona hashuhudii. Na wewe wataka kuwasomesha watoto wa watu kitu ambacho hapana kiumbe aliyekiona?"

Watu walicheka. Hata nyuma ya pazia nilisikia kicheko. Mtu mmoja akasema, "Mzee amemaliza." Mwalimu wa chuo alijaribu kusema kwamba ushahidi wa mwezi ni mlango mmoja na elimu ni mlango mwingine, na mtu asichanganye funguo, lakini sauti yake ni ndogo na kicheko kilishapitisha hukumu. Bwana wa majumba ya kale alinipiga begani. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri. Nilijisikia nina macho.

Binti yangu alinitazama. Nilingojea anijibu, maana ulimi anao, ameutoa kwangu. Akasema, "Nimefahamu, baba," akarudi nyuma ya pazia.

Dari hakupewa.

Nyumbani hakuninunia. Ningependa angeninunia. Alipika, alimsaidia mamake, aliniamkia kila asubuhi kwa adabu zote. Jambo moja tu lilibadilika, nami nililiona bila ya kulifikiria: kikombe changu cha kahawa, ambacho siku zote huwekwa juu ya kistuli, sasa alikuwa akinitia mkononi, akingojea vidole vyangu vishike ndipo aachie. Nilidhani ni namna yake ya kutaka radhi. Nikaona ni haki yangu.

Ikaja Ramadhani, ikaenda. Siku ya kutafuta mwezi tulipanda juu ya dari ya chuo, ile ile, kwa sababu upande wa magharibi iko wazi mpaka mashambani. Miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa jicho la mtaa. Watu walizoea kusema fulani kauona, basi fungeni mjadala. Jua likazama. Mawingu yalikuwa mapande mapande. Nikatazama. Mbele yangu palikuwa kama maji yaliyokorogwa unga. Kijana mmoja akasema, "Ule pale." Mwingine akasema naye auona. Kisha wakanigeukia.

"Bwana, na wewe?"

Nikainua mkono nikaelekeza mahali.

"Naam. Nauona."

Takbiri zikaanza. Mwezi ulikuwapo, hilo halina shaka, wameuona wengine na habari zikaja kutoka kila upande. Hapana aliyekula siku ya mfungo kwa ajili yangu. Lakini mimi nilikuwa nimeshuhudia nisichokiona, juu ya dari ile ile niliyomnyima mtoto wangu kwa hoja hiyo hiyo. Niliposhuka ngazi nilishika ukuta. Nilijiambia ni umati.

Asubuhi ya Idi, watu wametoka msikitini, binti yangu akaja kunipa mkono. Mamake alikuwa jikoni. Akakaa chini karibu na miguu yangu, akasema kwa sauti ya kusemea siri.

"Jana nilikuwa darini kwetu, baba. Mwezi ulikuwa kushoto ya mnara wa simu. Wewe ulionyesha kulia."

Nikajifanya narekebisha kilemba.

"Twende hospitali. Huu ukungu hutolewa. Si jambo la kutisha."

"Nani amekwambia?"

"Hapana aliyeniambia." Akaanza kunitajia, polepole, kama anayemsomea mtu barua. Kwamba simwamkii mtu mpaka aseme. Kwamba ngazi ya gati naipapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga. Kwamba kikombe naweka kidole ndani, kwenye ukingo, ndipo nimimine. "Jicho lako sikuliona. Nimeona unavyokwenda."

 Halafu swali likanitoka, na lilipotoka nilikuwa nimeshajua jawabu lake. Nilimuuliza amejua tangu lini.

"Tangu niliporudi. Kabla ya kikao."

"Mbona siku ile hukunijibu?"

Akacheza na ncha ya mtandio wake. "Ningejibu nini, baba? Jawabu lilikuwa moja tu. Na halikuwa la kusemwa mbele za watu."

Hapa ndipo mzigo wangu ulipo, msomaji, si penye mwezi. Ya mwezi nitaulizwa na Mola wangu, na rehema yake ni pana. Lakini mtoto yule alisimama mbele ya mtaa mzima akiwa na neno moja mdomoni. Angelisema, kicheko kingegeuka upande wangu, na dari angeipata. Angesema tu, "Baba, na wewe waniona hapa nilipo?" Alilimeza, akanisitiri mimi niliyekuwa ninamvua nguo.

Wiki ya pili akaniomba radhi ya kwenda Faza, mji wa kisiwa kingine. Skuli ya kule ilikuwa na nafasi ya mwalimu wa fizikia, na mwalimu mkuu amemwambia atampa paa la darasa jipya. Nilimpa radhi. Kabla ya kuanza kazi alinipeleka Mombasa, nikapasuliwa jicho la kulia, na nilipofunguliwa kitambaa nilimwona uso wake, amekonda, ana mikunjo midogo kando ya macho ambayo sikuijua. Nilikuwa nimemkosa kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Niliporudi Amu nilikwenda kwenye kamati nijaribu kutengua nililolifunga. Niliwaambia binti yangu apewe dari. Wakaniambia dari imeshawekwa matangi ya maji na viti vya arusi, na tena, Bwana, si wewe mwenyewe uliyesema? Nikaona hapana njia ila kusema kweli yote. Nikasema siku ya mwezi sikuona kitu, kwamba macho yangu yalikuwa hayafai, na kwamba mtu kama mimi hakuwa na haki ya kumuuliza mwenziwe ameona nini.

 Kisha bwana wa majumba ya kale akasema, kwa upole usio wa kawaida yake, kwamba waliouona ni wengi, nisijitie mashakani. Mwingine akasema huu ndio uchaji Mungu, mzee kama huyu anahesabu hata mtupo wa jicho. Wakaniombea dua. Nilikwenda pale nivuliwe kilemba, nikavishwa kingine juu yake. Mwalimu wa chuo peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa asiitikie dua, nami nilimshukuru kwa hilo.

Basi nikafikiria dari yangu mwenyewe. Nikaongeza ukuta wa stara kwa matofali, nikaufanya kwa mkono wangu, mafundi wangu wakicheka kuona mzee anakoroga saruji. Nikatandika mikeka mipya. Mke wangu akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia akina mama kwamba binti akija mwisho wa wiki atafundisha kwetu, mlango wa wanawake uko wazi, vijana wa kiume hawatapanda. Wote walisema inshallah. Hakuja hata mmoja. Mwishowe jirani mmoja akamwambia mke wangu bila ya kumung'unya: "Bi, babake mwenyewe amesema ni kitu kisichoonekana. Sisi tumuamini kuliko babake?"

Neno nililojenga lilikuwa imara kuliko ukuta wangu.

Juzi juzi alikuja kwa mapumziko. Akapanda darini kuanika nguo, akaikuta mikeka. Alikaa juu kwa muda. Nilipomfuata alikuwa ameketi kwenye mkeka, nami nikakaa. Nikamwomba anisamehe. Nililisema kwa maneno ya wazi, si kwa kuzunguka: nimekukosea mbele ya watu kwa kiburi na kwa woga, nisamehe. Akasema alinisamehe siku ile ile, kabla hajafika pazia.  Ukiomba kitu ukaambiwa umeshapewa zamani, mikono hukaa mitupu.

Nikamwomba anionyeshe ile nyota. Akasema mchana huu? Nikasema ile waliyoiona wao, ya kwenye kompyuta. Akatoa simu, akatafuta, akanipa. Nukta nyingi zimepangwa, zinakwenda sawasawa kama matone ya chokaa kwenye kamba ya fundi. Mahali pamoja zinashuka, chini kidogo, kisha zinapanda tena zikaendelea.

"Ni hapa tu?" nikamuuliza.

"Ni hapa tu, baba."

Niliisogeza simu karibu na jicho jipya. Ule mshuko nauona. Mdogo, ungeweza kuufunika kwa punje ya mchele. Nilizitazama zile nukta muda mrefu, kwa sababu sikutaka kumtazama yeye.

Jioni ile ile alikuwa na boti ya kurudi Faza. Nilimchukulia sanduku la darubini mpaka gatini, nikakataa kumpa hamali. Njiani tukakutana na mama mmoja, mgeni wa mtaa wetu, mke wa mtumishi wa serikali kutoka bara, amemshika bintiye mkono. Alikuwa amesikia habari za mwalimu wa nyota. Akamwamkia binti yangu, akaniamkia na mimi, akauliza kwa Kiswahili chao kilichonyooka: "Sasa mwalimu, mbona unaenda kufundisha mbali hivyo? Hapa Lamu hakuna wasichana?"

Swali lile lilikuwa langu. Nililijua kuwa ni langu, na kinywa nilikifungua.

"Hapa tulikosa nafasi tu," binti yangu akasema. "Dari ya chuo ina matangi."

Yule mama akasikitika, akasema ni bahati mbaya, akaenda zake. Binti yangu akanigeukia, akauliza kama sanduku limenichosha, tubadilishane mikono. Nikasema la, naliweza. Nikalishika kwa mikono yote miwili nikatembea mbele, kama kwamba uzito wake ndio ulionizuia kusema.